Constant Amekufa, Constant Anakuja

Katoyi, Goma
Tarehe 11 Juni 2023

Mupendwa mudogo wangu Asma,

Salaam aleikum, mutoto wa mama yangu. Kwanza afya. Kile kifua kilichokuwa kinakubana kimekuachia? Bwana yako anapata kazi? Watoto wanakula? Najua Kampala chakula kipo, lakini mutu anaweza kukaa mbele ya sahani na tonge lisishuke. Ndiyo maana nauliza kama wanakula, siulizi kama kipo.

Sisi tuko. Siku hizi Goma mutu akikuuliza habari unamujibu hivyo tu, tuko, halafu kila mumoja anaendelea na njia yake. Mugongo unaniuma juu ya maji. Bomba la hapa kwetu limekauka, tunateremka na bidon mpaka ziwani, na kupanda nayo juu ya haya mawe ya volkano si mchezo. Makala ya kupikia imekuwa kitu cha wakubwa. Tunapika mara moja, tunakula, tunalala.

Papa yetu bado hajarudi. Hilo unalijua, nilikutumia kwa mudomo wa Aubin, dereva wetu wa njia ya Kampala, lakini habari ikisafiri kwa mudomo inafika nusu. Sasa nakuandikia yote. Papa mukubwa Mohamed anataka tufungue matanga ya ndugu yake. Anasema muislamu hawezi kuachwa hivi hivi bila dua. Na kwetu matanga hayafunguliwi kama mutoto mumoja hajasema ndiyo. Watoto wa Yakubu ni mimi na wewe. Mimi nimekataa mpaka leo. Kwa hiyo soma pole pole, usirukie chini.

Utasema, kwa nini Asumini asiongee tu kwenye simu ya Aubin kama nilivyofanya mimi? Wee! Ile sauti yako uliyoirekodi tuliisikiliza uani, mimi na majirani wote, kila mutu ameinamisha sikio, mpaka yule mama muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alitua beseni lake ili asikie vizuri. Simu yangu mwenyewe iliibiwa sokoni. Mambo ya papa yangu siyaongei mbele ya umati.

Kwa sauti ile uliniuliza habari ya filme. Ulisema muliiona huko kwenye sinema kubwa yenye viti laini, ile ya wingu la chuma linalokula miji, wewe ukachoka, bwana yako akapiga makofi mpaka mukagombana njiani. Ukauliza: na ninyi huko mulisemaje? Asma, kama ninyi muligombana wawili, hapa mutaa wote, katie nzima, iligawanyika. Na filme ile ndiyo iliyomutoa papa nyumbani. Nitakueleza.

Unaikumbuka sale ya video ya Guylain, ile nyumba ya mabati ya kuonyeshea filme, na mbao za kukalia zinazochana nguo. Guylain amekuwa mukubwa. Amenunua projekta na masanduku ya sauti yanayotikisa mabati, na tangu hapo anapiga filme za namna hiyo tu: ndege za chuma, miji inapasuka, moto wa kutengenezwa kwenye ordinateri, hizo kompyuta. Vijana walikuwa wanajaa mpaka wengine wanakaa chini.

Papa alikuwa pale pale ulipomuacha, pembeni ya kitambaa cha filme, mikro ya kusemea mukononi, anageuza Kiingereza kuwa Kiswahili chetu. Pale Kiingereza kinapomushinda anatunga, unamujua. Na watu wa filme aliendelea kuwapa majina ya watu wa hapa. Mulevi akitokea, papa anasema, "Huyu ni Guylain, ametoka kunywa kasiksi tangu asubuhi." Sale nzima inakufa na kicheko, Guylain mwenyewe anacheka kwa lazima.

Lakini kwa filme hizi mpya, vijana walianza kumuchoka. Walisema muzee anafunika boum ya mabomu na maneno yake. Filme ya hivi haitaki kuelezwa, inataka kuangaliwa. Kijana mumoja wa tshukudu, ile baiskeli ya mbao, anayeshusha muzigo kutoka juu kila siku, aliniambia jambo ambalo sijalisahau. "Mama Asumini, ile boum ya kweli haikungojei ukae. Hii naiangalia nimekaa chini, nakula karanga, na ikiisha natoka na miguu yangu miwili. Acha niifurahie."

Upande wa pili ni wamama wa kambini na wale wakimbizi tunaokaa nao nyumbani. Wale walikuja juu ya sauti ya papa, si juu ya moto. Nao walizicheka hizo filme, kicheko cha uchungu lakini. Athanasie alikuwa anasema, "Angalia hao wanakimbia! Hakuna hata mumoja amebeba godoro. Hakuna sufuria, hakuna mbuzi, hakuna muzee mugongoni. Nani anakimbia mikono mitupu? Aliyetengeneza hii hajakimbia hata siku moja." Na ukiangalia vizuri, ni kweli. Muji muzima unakimbia kama watu wanaowahi basi.

Athanasie humujui. Ni mama wa Kibumba, kule juu, mukatoliki, mukulima wa viazi na choux, zile kabichi. Vita vilipowashusha mwaka jana, kambi ya Kanyaruchinya ilikuwa imejaa, mvua inawapiga, papa akawaleta hapa, yeye na kasichana kake Bénie. Wanalala kwa chumba chako. Bwana yake, Constant, alirudi shambani kuchimba viazi vilivyobaki. Alisema nawafuata. Hakufuata. Athanasie hakufunga kitambaa cha kilio na hakukata tamaa. Kila akiona mutu anashuka njia ya Rutshuru alisimama kumuangalia usoni.

Bon, siku ya filme. Ilikuwa Jumapili muchana, Ramadhani imekwisha, wakatoliki wametoka misa, sale imejaa. Kabla ya kuanza Bénie alimuvuta papa shati: "Muzee, na mimi papa yangu atakuwa ndani?" Wewe unajua papa yako hawezi kumunyima mutoto kitu. Yule mwanaume mukubwa wa filme, mwenye kofia ya chuma, papa akamupa jina. Akasema kwenye mikro, "Huyu munayemuona ni Constant wa Kibumba, mwanaume kamili."

Asma, ungeona ule uso wa Bénie. Constant akiruka, mutoto anaruka. Constant akivunja ndege ya chuma, mutoto anawageukia watu wa nyuma, mumesikia, ni papa yangu. Hata Athanasie alikuwa anacheka, mukono mudomoni. Mimi nilikuwa karibu yake, nikasema moyoni, afadhali hata kwa saa moja.

Lakini wewe umeiona filme, unajua inaishaje. Yule mwanaume anaingia na kale ka ndege kake ndani ya wingu ili alipasue. Anageuka majivu, vidole kwanza, halafu mukono, halafu kichwa. Nitasema haki ya Mungu, ni kitu cha ajabu kuangalia, vile majivu yanavyong'aa. Halafu wingu linaanguka, muji unapona, watu wanaweka kofia yake juu ya jiwe wanalia.

Nilimuona papa anamutafuta Bénie kwa macho. Halafu akasema, "Musidanganyike na moshi. Constant ametokea mulango wa nyuma. Ako njiani, anakuja."

Vijana wakalipuka. Wengi wao walikuwa wameshaiona kwenye simu. "Muzee, acha uongo! Amekufa! Tumeona majivu!" Wamama wa mbele wakasimama: "Anakuja! Muzee amesema anakuja!" Nyuma wanapiga miguu chini, Constant amekufa, amekufa. Mbele wanapiga makofi, Constant anakuja. Mungu wangu, sale nzima. Hawakujua, Asma. Kwao lilikuwa jina tu, kama yote mengine papa aliyotupia watu wa filme. Wengine walikuwa wanacheka kabisa.

Na Guylain, ili amalize ubishi, akairudisha filme nyuma. Akaipiga pole pole. Vidole, mukono, kichwa. Wanaume wakashangilia. Kisha akairudisha tena, kwa wale ambao hawakuona vizuri.

Athanasie alimubeba Bénie akatoka. Mutoto hakulia hata. Alikuwa anageuza kichwa kuangalia kitambaa mpaka mulangoni.

Nyumbani papa alikaa na mikro yake juu ya magoti, hakugusa chakula. Asubuhi Athanasie alikuja amevaa viatu. Akasema anapanda Kibumba. Akasema hivi, nakuandikia maneno yake: "Watu wote jana walikuwa na hakika juu ya bwana yangu, huyu hivi, huyu vile. Mimi muke wake peke yangu ndiye sijui." Nilimushika mukono. Nilimuambia njia imefungwa, kule juu ni kwa wenye silaha, mutoto je? Akasema mutoto nakuachia wewe.

Papa akasimama. Akachukua koti lake la kaki na fimbo. Nikapiga kelele, sikufichi, nilimugombeza papa yangu kama mutoto, kwamba filme ni filme, kwamba alifanya kwa moyo muzuri, kwamba miguu yake haiwezi ule mulima. Akanijibu kwamba yeye ndiye aliyesema anakuja, na mwanamuke hapandi ile njia peke yake juu ya neno lake. Akamushika Bénie kichwa, wakaenda. Mpaka leo nina hasira. Nikilala nina hasira, nikiamka nina hasira.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Athanasie, sababu yeye alirudi. Kwenye kizuizi cha juu wenye silaha waliwatenga, wamama huku, wanaume kule. Wakamuuliza papa kazi yake. Akasema anaeleza filme. Wakacheka, wakamuambia basi tueleze moja. Na papa akaeleza. Athanasie anasema alianza pale pale, amesimama kwenye tope, anabadilisha sauti, ya mwanaume, ya mwanamuke, ya ndege, na wale vijana wenye bunduki walikaa chini kama watoto. Wamama wakaambiwa wapite, haraka. Akiwa anapanda alikuwa bado anasikia sauti ya papa nyuma, na wale wanacheka. Halafu njia ikakata kona.

Kibumba alimukuta Constant. Majirani walimuzika pembeni ya shamba lake, wakaweka jembe juu. Alikufa zamani, ile ile wiki waliyokimbia. Athanasie alishuka na njia ile ile, na kwenye kizuizi hakukuwa na mutu. Hakuna wanaume, hakuna wenye silaha, hakuna papa. Majivu ya moto tu na makopo.

Tulimufungulia Constant matanga hapa uani. Wakatoliki waliimba, waislamu tulipika, Papa mukubwa Mohamed alileta mikeka. Guylain alikuja. Alikaa kwenye kona, mbali na watu. Sale aliifunga wiki nzima. Nilimuhurumia, na sikutaka kumuhurumia.

Sasa sikia ajabu ya watu. Katie imegawanyika tena, na safari hii ni juu ya papa yetu. Lakini wamebadilishana pande. Wale vijana waliokuwa wanapiga kelele amekufa, ndio leo wananisimamisha njiani: "Mama Asumini, muzee anakuja, muzee ana mudomo, hawezi kukosa njia." Wanasema kwa haraka, hawaniangalii. Na wale wamama wa mbele, waliompigia makofi, wananikaribia kwenye maji wanasema chini chini, mama, fungua matanga, kungoja kunaoza ndani ya mutu. Hao wanajua. Mimi niliwakasirikia wote. Nilimuambia hata Athanasie afunge mudomo, na yeye ana haki kuliko sisi wote.

Guylain amefungua tena. Filme zile zile. Watu walimuomba nishike mikro ya papa, eti sauti yangu inafanana na yake. Nilienda mara moja. Jiji likaanza kuanguka, watu wakanigeukia, nimupe nani jina? Sikumupa mutu. Nilisema, "Huyu ni mutu," na "yule ni mutu mwingine." Walipiga miluzi, nikaweka mikro chini nikarudi nyumbani. Kama unataka kujua mimi ninaonaje filme hizo, jibu ni hilo. Nzuri, mbaya, sijui. Mimi siwezi kuziangalia.

Na kila jioni nilikuwa nawekea papa chakula. Nafunika na sahani. Asubuhi nampa Bénie. Papa mukubwa ananiona, anakohoa tu. Mara nyingine ananiuliza kama Asma amesema ndiyo. Nilikuwa namujibu hajasema, na nikafurahi kuwa nayo hiyo ya kusema, sababu wewe usiposema, mimi sifungui.

Sasa nifike pale ninapoogopa.

Juzi Aubin aliporudi kutoka kwako, hakuingia ndani. Aubin! Mutu ambaye anasikia harufu ya chakula chetu tangu mupakani. Nilimutolea ugali na sambaza, akasema ameshiba. Alisimama nje na ufunguo wa gari mukononi, akanipa simu nisikilize sauti yako, akageuka kutazama ukuta wa jirani.

Na sauti yako ikatusalimia sisi wote. Umemusalimu Papa mukubwa. Umemusalimu Athanasie ambaye hujawahi kumuona, umemusalimu mutoto wake, umemusalimu mpaka Guylain unayemuchukia. Umeuliza habari ya filme, umecheka sana. Papa hukumutaja. Wewe, Asma! Hata siku ulizotukasirikia sisi wote ulikuwa unaanza na kuuliza kama papa yako amelala vizuri. Hukuuliza kama amerudi. Hukuuliza kitu.

Mutu akikimbia kutoka kule juu hashuki kwetu, njia imefungwa. Anapitia Bunagana, anaangukia Uganda, na wa Rutshuru wakifika Kampala wanatafuta wa kwao, wanafika mulangoni pako. Mumoja wao alikuambia kitu. Ukamuapisha Aubin asiseme. Ukanitafutia maneno ya filme ili nipate kitu cha kuongea huku.

Sikukasirikii. Nimekasirikia wengi, wewe hapana. Nililia nikifikiria vile ulivyokaa na hiyo habari kwenye kale kachumba, unapikia watoto, unacheka kwenye simu kwa ajili yangu. Ulitaka kunihurumia, na ni papa aliyetufundisha kuhurumia watu hivyo. Lakini mimi si Bénie. Mimi ndiye mukubwa wako, hiyo habari ilikuwa ya mimi kukubebea.

Basi nimemuambia Papa mukubwa jana. Ijumaa, baada ya sala, tunafungua matanga ya Yakubu. Alikaa chini pale pale mulangoni na kofia yake mukononi. Athanasie ameanza kuokota mawe ya mafiga. Guylain ametuma mutu kusema ataleta mbao zake za kukalia, na nimemukubalia.

Aubin anaondoka kesho na barua hii, anarudi Alhamisi. Kama nimekosea, Asma, kama kuna mutu mumoja amemuona papa anapumua, mupe Aubin neno moja tu: ngojeni. Hata kama nitaaibika mbele ya katie nzima, nitangoja. Na akirudi bila neno sitamuuliza. Nitamukaribisha, nitamupa chakula, na safari hii atakula. Yule mutu aliyekuambia umushukuru kwa ajili yangu, umupe chai. Siku nyingine, siyo sasa, utanieleza kama papa alikuwa na mutu karibu yake.

Na wewe Ijumaa usiende kazini. Funga kitenge kichwani, kaa chini kwenye mukeka, lia kwa sauti, majirani wakuulize umefiwa na nani, na uwajibu. Umenyamaza vya kutosha, mudogo wangu.

Papa mukubwa Mohamed anakusalimu na anasema usome Yasini. Athanasie anakusalimu kwa jina la Bikira wake, anasema chumba chako anakitunza. Bénie anauliza kama Uganda kuna viazi. Musalimie bwana yako, umuambie asigombane na wewe juu ya filme, na watoto uwabusu kichwani mumoja mumoja.

Mwenyezi Mungu awafunike ninyi huko ugenini, awape usingizi, na amurehemu papa yetu Yakubu. Ni mara ya kwanza nasema hivyo.

Mimi dada yako, nikupendaye na nitakayelia pamoja nawe,

Asumini binti Yakubu